Kompyuta ya Baba Haiondoki

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Wifi yangu je, na yule Kipusa wenu, kikohozi kimemwachia? Huku tunamshukuru Mungu, ila mimi nimechoka. Usinitafutie dawa, ni uchovu wa kulala nusu na kuamka nusu.

Nimepata ujumbe wako kwamba kompyuta ya Baba iondolewe ili apumzike. Nilipoumaliza nikaenda kufua kwanza, hasira zishuke.

Unajua tangu augue mkono wake wa kulia unatetemeka. Kipanya kilimshinda kabisa. Akilenga faili hili anafungua jingine. Basi nikawa mkono wake mimi. Kutwa nzima ananiambia shuka, siyo hilo, rudi, lile pale juu, wewe mtoto huoni? Napekua michoro ya nyumba anazowachorea watu huku sufuria inaungua jikoni.

Fundi kompyuta wa mtaa wa pili akamhurumia, akamwekea programu ya kupitia mafaili kwa herufi tupu. Ni dirisha jeusi lenye maandishi tu, kipanya hukigusi. Ukibonyeza j unashuka, k unapanda, l unaingia kwenye folda, h unatoka. Nikasema moyoni, mzee atalitupa hili kabla ya chai. Thubutu. Wiki haikuisha, akawa anapita humo kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake.

Vituko havikukosekana. Ukibonyeza d mara mbili faili linakatwa, linangoja ulibandike kwingine kwa p mbili. Sasa mkono unaotetemeka utabonyezaje mara moja? Mchoro wa zahanati ukapotea na mteja amekaa sebuleni anatukodolea macho. Tukautafuta hadi jasho likatutoka. Kumbe ameubandika kwenye picha za harusi yako, katikati ya wajomba.

Siku hiyo hata mimi nilimwambia, Baba, labda upumzike kweli. Akanijibu bila kunitazama, "Kinachotetemeka ni mkono, mwanangu, siyo mimi." Nikamwita tena fundi. Akaja akaipanga programu iulize kwanza kabla ya kukata chochote.

Sasa michoro anaifungua mwenyewe na wateja anabishana nao mwenyewe. Sauti yake imerudi, ungeisikia ungefurahi. Lakini kumwogesha, kumfunga vifungo vya shati, kumshika mkono kwenda msalani usiku, hayo bado ni yangu, na mgongo wangu umeanza kukataa.

Kwa hiyo kompyuta haiondoki, mdogo wangu. Kama lazima kitu kiondoke humu ndani ili mtu apumzike, basi niondoe mimi. Njoo ukae na Baba wiki mbili, nikalale kwa shangazi.

Nisalimie wifi, Kipusa, na binamu yetu dereva. Mungu awape afya njema, na amlainishe moyo bosi wako akupe ruhusa.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja,
Dada yako.