Nesi mwenye majina ya mama

Fadhila, uko hapo? Nimepigiwa simu na mtu akajifanya wa kampuni ya simu. Nimemtajia majina yote matatu na namba ya NIDA. Nimekata, namwona mama ananiangalia tu.

Hakunigombeza. Kanisimulia ya mwaka tisini na nne.

Alikuwa binti, anaishi Igoma, anatafuta kazi kwenye viwanda vya minofu ya samaki. Akaja baba mmoja mtanashati, akamsalimia kwa Kijaluo. Si unazijua salamu zetu? Wewe ni wa nani, kwenu wapi, babu yako nani. Mama akajieleza mpaka ukoo. "Kumbe ni binti yangu kabisa!" Basi alipoomba cheti cha fomu foo akampelekee meneja, mama akampa.

Kwa mikono miwili, Fadhila. Kwa adabu.

Yule baba hakuonekana tena.

Miaka minne baadaye mama akanipeleka hospitali, nina malaria. Nesi kavaa kibandiko cha jina kifuani: Akinyi Ojwang Okomo. Majina ya mama, yote matatu, vilevile kama kwenye kile cheti. Mama akamsalimia kwa Kijaluo. Yule nesi hakuelewa hata neno.

"Unaitwa nani, mama mtoto?"

Mama akajibu anaitwa Ajwang. Jina la dada yake, Fadhila! Akalitoa hivyo hivyo, akakaa.

Nimemuuliza, mama, kwa nini hukusema?

Kasema, "Ulikuwa unaungua, na sindano alikuwa ameishika yeye."