Mwalimu Anayekuchagulia Vitabu vya Marekani

Mchumba wangu Imelda,

Unajua mimi niliishia darasa la nne, kuandika kwangu ni kwa shida. Lakini kwenye simu unaongea wewe, mimi naitikia tu mpaka salio linaisha. Leo nisikilize.

Tangu uende Kihagara, huko ziwani, kwa shangazi yako, kila ukipiga ni mwalimu. "Mwalimu kanichagulia kitabu kingine cha historia ya Marekani." "Mwalimu kasema hiki nianze nacho, kile bado kigumu." Siku niliyowaletea mahindi nilimwona. Mmekaa barazani, kitabu kimoja, vichwa viwili. Analamba kidole ndipo afunue ukurasa, na wewe unacheka.

Shangazi akaniwekea samaki, akasema, "Mkwe, mbona unamtazama tu huyo samaki? Nyie wa milimani mnaogopa miiba?"

Mkacheka wote, na mwalimu akacheka. Mimi sikuwa namtazama samaki.

Umesahau mwaka jana hapa Namswea? Mimi nakata nyasi na kuzipanga miraba miraba mlimani, wewe nyuma yangu na jembe unazifukia, ngolo zinatokea, yale mashimo yetu ya kulimia. Ukanisimulia ulichosoma, wale watu walioletwa Marekani kulima pamba ya wenyewe, wanaimba shambani, na bwana juu ya farasi anadhani wamefurahi. Nikakuuliza, "Walikuwa wanaimba nini?" Ukasimamisha jembe. Ukasema, "Ndiyo maana nakupenda, wewe unauliza." Sasa maswali unamuuliza yeye.

Basi nilishuka Mbinga mjini kwa muuza vitabu. Nikamwambia nataka kitabu kizuri cha historia ya Marekani.

"Cha mtoto wa shule?"

"Cha mchumba wangu."

Akaniangalia miguu, ina tope. Akanipa kikubwa, picha za marais tupu. Nikamrudishia. Wewe marais utawafanyia nini? Chini kabisa nikaona kingine chembamba, cha wenyeji wa kule kabla hawajanyang'anywa ardhi. Nakisoma polepole, mdomo unatembea. Kuna mahali wanasema wanawake walikuwa wanapanda mahindi, maharage na maboga kwenye kichuguu kimoja cha udongo, maharage yanapanda juu ya mahindi, maboga yanafunika chini. Nikakuona wewe pale na jembe lako. Ukurasa huo nimeukunja.

Kwa hiyo na mimi nakuchagulia. Soma hicho. Muulize mwalimu kama anakijua. Hapana, usimuulize.

Juzi umesema hutakuja kufukia, mpaka umalize vitabu vyake. Imelda, nyasi nimeshazipanga, zimekauka. Zisipofukiwa sasa hivi, maharage hayapo. Dada yangu alikuja na jembe, nikamkatalia. Wanaopita wananitania, "Bwana, hicho kitanda cha nyasi unamtandikia nani?" Wanajua, na mimi najua wanajua.

Nilitaka nikitume hicho kitabu kwa gari la samaki. Nikafikiria nani atakifungua kwanza, na kidole chake cha mate. Sikitumi. Kipo hapa nyumbani, juu ya kabati, na jembe lako lipo nyuma ya mlango. Ukikitaka, njoo.

Mimi mchumba wako, kama bado ni mimi.