Swali Langu la Kwanza Shelui

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako hajambo, na alizeti imeanza kuchanua. Unauliza kama umjibu yule mgeni anayechekwa kwa maswali yake katika kundi lenu la mtandaoni.

Biashara huria iliporuhusiwa, nilikwenda Shelui kuwauzia kuku madereva wa malori. Niliwauliza wauzaji wenzangu, "Malori ya Nzega husimama wapi?" Wakaicheka lafudhi yangu ya Kinyiramba. Nikabeba tenga langu nirudi nyumbani Kinampanda. Mama Zaituni, muuzaji wa siku nyingi, akaniita mbele yao wote, "Uliza tena, mdogo wangu. Hata mimi niliuliza." Akanisogezea nafasi, nikakaa. Tuliuza pamoja mpaka alipozeeka.

Mjibu, Neema, palepale wanapomcheka, wote wasome.

Bibi yako anayekukumbuka