Uliniuzia Nyumba, Mzee Hukuniuzia

Mama,

Nimekukosea. Siku ya msiba wako nilimdanganya mwanao Tumpe, tukiwa tumekaa mkeka mmoja, na kwa uongo wangu ukazikwa mahali ambapo hukupataka. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na habari za mvua na migomba, ningezunguka mpaka karatasi iishe.

Mugonile, Mama. Sasa naweza kukusalimia.

Hapa kwako (bado nasema kwako, hata Neema mke wangu ananicheka) masika yameshika. Chumba cha pembeni kinavuja palepale uliponionyesha, juu ya dirisha. Nimepanda darini mara kadhaa na sijapaona panapoingilia. Ulisema mzee wako naye alihangaika napo miaka yote akashindwa, ukaniambia, "Weka beseni, mwanangu, uishi kwa amani." Beseni lipo.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza? Nilikuwa mashineni kwangu Kiwira nasaga mahindi ya watu, mteja mmoja akasema kuna mama mjane Tukuyu anauza nyumba na amemfukuza dalali. Nikafunga mashine mchana uleule nikaja. Uliponihadithia habari za yule dalali nilicheka mpaka nikakohoa. Kwamba alikuwa analeta watu na pikipiki, anasimama barazani kwako anawaambia ule ukungu unaoshuka kutoka mlimani ni mandhari. "Ukungu unanikausha nguo siku tatu, yeye anauuza! Halafu nimlipe kwa kunitembeza ndani ya nyumba yangu mwenyewe?" Ukasema unataka umwone kwa macho yako mtu atakayelala humo.

Siku ile jua lilikuwa kali, na wewe ukakataa kunifungulia. "Leo sikuonyeshi kitu. Nyumba ikiwa juani inadanganya. Njoo mvua ikinyesha." Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia Neema yule bibi ana vituko. Neema akaniambia, "Basi nenda na mwavuli."

Nikaja na mvua. Ukanitembeza chumba kwa chumba unanionyesha ubovu tu. Panapovuja hapa, ngazi hii imepasuka, huku panya wanapitia. Mimi nilikuwa nimejiandalia njia nzima maneno ya kukushusha bei, na yote ukawa umeshayasema wewe. Nikabaki naitikia tu. Tulipofika jikoni ukanionyesha ule mlango. "Huu masika unavimba. Usiupige teke, atakuja fundi akulaumu. Unausukuma kwa kiuno, hivi." Ukausukuma, na magoti yako yale mabovu, ukacheka kama msichana. Tukanywa chai ya maziwa karibu na moto, nguo zangu zinatoa mvuke. Nikasema moyoni, huyu mama hata asiponiuzia, nitakuwa nakuja kumsalimia.

Halafu ukanipeleka nyuma, chini kwenye migomba, kwenye kaburi la mzee. Ukasimama na mwavuli wako.

"Gwamaka, nakuuzia nyumba. Mzee wangu sikuuzii."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Ukavua ndala moja, ukaiweka chini ubavuni mwa kaburi, kulia kwake. "Na hapa ni pangu. Siku yangu ikifika utaniacha nilale hapa. Na njia ya wanangu kuja kupalilia usiifunge."

Nikakupa mkono. Mikono yetu yote ilikuwa imelowa.

Kwetu hapa jambo lile halihitaji maelezo, ndiyo maana sina pa kujificha. Mtu wa huku analala kwake, kwenye migomba yake, na mwenzake. Mgeni aliyekuja juzi kwa kazi anaweza asijue. Mimi nimezaliwa Ikuti, baba yangu na mama yangu wamelala bega kwa bega nyuma ya jiko letu. Mimi nilijua.

Siku ya kuandikiana pale ofisi ya mtaa, Tumpe akiwa shahidi wako, mwenyekiti alituuliza kama kuna sharti lingine aliandike. Ukaniangalia. Ukamwambia, "Hapana, mengine ni yetu wawili." Tulipotoka nikakuuliza kwa nini hukutaka liandikwe. Ukasema ungeliandika ungekuwa unanishuku, na kama unanishuku basi afadhali ungemwita dalali. Na Tumpe je, anajua? Ukapunga mkono. "Tumpe nikimtajia kufa ananiziba mdomo. Wewe ndiye unajua. Inatosha."

Inatosha. Neno hilo limenikaa shingoni, Mama.

Ukahamia Kyimo kwa Tumpe, na mimi nikakaa humu na watoto, nikafurahi. Baadaye tamaa ikaingia. Watumishi wanaohamishiwa wilayani kila siku wanauliza vyumba. Nikasema nijenge vitatu vya kupangisha. Nikazunguka kiwanja. Mbele barabara, kushoto mteremko. Kulikuwa na sehemu moja nzuri, pale kwenye mparachichi, lakini ule mti nilikuwa nauza matunda yake, sikutaka kuukata. Ikabaki nyuma. Nikamwonyesha fundi. Fundi akavuta kamba, na kamba ikapita juu ya pale ulipoweka ndala.

Niliiona, Mama. Sitasema sikuona. Nilijiambia bado una nguvu, tutapanga vingine huko mbele, pengine utabadili mawazo. Nikamwambia fundi aendelee.

Na wewe ulikuja. Hilo ndilo linaniamsha. Ulikuja na mkungu wa ndizi kutusalimia, ukaona mawe yamemwagwa, ukauliza ni ya nini. Nikakuambia ni uzio. Ukafurahi. "Jenga vizuri, mwanangu, mbuzi wa jirani wasije kula maua ya mzee." Ukakaa jikoni na Neema mkamenya ndizi, unamtania kwamba anamenya kama mtu wa pwani. Mimi nikajifanya nina kazi mashineni nikaondoka. Sikukuona tena ukiwa umesimama.

Ulipoumwa haikuchukua muda. Tulifika Kyimo turubai limeshafungwa, wanawake wamekaa ndani, wanaume nje kwenye moto. Tumpe akatoka akanifuata mimi moja kwa moja. Macho yamevimba. Akakaa nami mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka Gwamaka, wazee wanabishana wapi mama alale. Wengine wanasema tumrudishe kwa baba, wengine wanasema nyumba imeshauzwa, tutamsumbua mwenye nyumba. Mama aliwahi kukuachia neno lolote?"

Msingi ulikuwa umeshakauka. Ukuta umefika usawa wa madirisha.

Nikasema, "Hapana, dada. Hakuniambia kitu."

Akanishika mkono akasema, "Basi. Hatutaki kukusumbua." Na wakakuzika palepale, kwenye shamba la wakwe zake, ubavuni mwa watu ambao hata majina yao huyajui. Wewe ambaye ulitaka kumjua kwa macho yako mtu atakayelala tu kwenye nyumba yako. Nilishika jembe nikafukia na wenzangu. Watu wakasema angalia, hata aliyenunua nyumba amekuja, mama aliuza kwa mtu mwenye utu.

Nikarudi nikaendelea kujenga. Nilifika mpaka linta, juu ya madirisha. Unaona mtu anavyoweza.

Juzi Tumpe alikuja kupalilia kwa baba yake. Jikoni hakukuwa na mtu, mimi nilikuwa nje naosha ndoo. Mlango ulikuwa umevimba. Nikataka kumwambia subiri nikusaidie. Hakusubiri. Aligeuka akausukuma kwa kiuno, ukafunguka, akaingia. Ni wewe kabisa. Ndoo ilinitoka mkononi.

Alipomaliza kupalilia alipita kwenye ule ukuta wangu, akalazimika kwenda kiubavuubavu kati ya tofali na kaburi, sketi yake ikashika saruji. Hakusema neno baya. Akaniambia, "Mama alikuwa anakusifu sana. Anasema nyumba alishindwa kuiuza kwa watu wengi mpaka akakuchagua wewe. Ndaga fijo, kaka, asante sana kwa kututunzia baba." Akaacha maparachichi ya watoto juu ya meza akaondoka.

Sikula siku hiyo. Jioni nikamwambia Neema yote, tangu ndala mpaka mkekani. Nilidhani atasema yameshapita. Akasema, "Kwa hiyo yule mama nilimenya naye ndizi huku wewe umemfungia kwake?" Akaenda kulala na watoto. Ana haki.

Mama, nakukumbuka kuliko nilivyotegemea. Mimi mama yangu alikufa nikiwa sijaoa, kwa hiyo aliyenifundisha nyumba hii inavyokaliwa ni wewe. Moto wa kuni mbichi usijaze moshi, nifungue lile dirisha dogo. Maji ya bati yasimwagwe, tuyaoshee vyombo. Mpaka leo mgeni akija siku ya jua natamani kumwambia arudi siku ya mvua. Ulinionyesha ubovu wote wa nyumba yako bila kuficha hata mmoja. Mimi wa kwangu nilikuficha.

Leo fundi amekuja. Alidhani nimemwitia kupaua. Nilipomwambia abomoe alinitazama kama nimelewa, akaniuliza kama nimegombana na mke. Nikashika nyundo nikaanza mwenyewe, na yeye akafuata. Ukuta wa upande wa mzee umeshalala. Mawe ya msingi tunayang'oa kesho na keshokutwa, mpaka Ijumaa jioni pale pawe udongo mtupu, na njia kutoka barabarani iwe wazi. Vyumba kama ni vya lazima, mparachichi utakatwa.

Lakini kubomoa si kusema. Kwa hiyo nakuahidi hili. Jumamosi hii asubuhi, kabla Tumpe hajatoka kwenda sokoni, nitakuwa Kyimo mlangoni kwake. Nitakuwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, ili nisipate pa kurudi nyuma. Nitamwomba aite wajomba zake, nitasema mbele yao kwamba mama yake aliniachia neno, na neno lenyewe ni hili, na mimi nikalificha kwa ajili ya vyumba vitatu. Sitamtaja fundi, sitasema shetani. Nitasema mimi. Halafu mwenyekiti ataandika lile ulilokataa liandikwe, kwamba pale kulia kwa mzee ni pako na si pangu, na njia ni ya wanao. Safari hii anayeshukiwa ni mimi, acha liandikwe.

Kukuhamisha mimi siwezi kuamua. Kuna vibali, kuna wachungaji, kuna ukoo. Wakisema urudi, nitachimba kwa mikono yangu. Wakisema ulale ulipolala, pale patabaki wazi, hapatajengwa wala kupandwa hata mgomba. Wakidai ng'ombe, nitatoa. Tumpe akinifukuza nitaondoka, na nitakuwa nimeshasema.

Lala, Mama. Sisemi lala salama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuharibia hapo ulipolala. Nisubiri mpaka Jumamosi. Najua itakuwa mvua, wiki hii haijakatika. Nitakuja nayo, kama ulivyopenda watu waje.

Mwanao uliyemchagua,
Gwamaka