Kwa Mlinzi wa Mawe ya Meroe

Mdogo wangu,

Sikusalimii. Salamu ni za watu waliorudi nyumbani amani ilipotiwa sahihi, na wewe bado uko Meroe, jangwani, unawafagilia marehemu. Nakuandikia Kiswahili tulichookota Uganda ukimbizini, ili mabosi wako wasielewe ninavyokutukana.

Unakumbuka nilipokufuata? Basi, vumbi, punda, mpaka makalio yangu yakawa magofu kabla sijayaona yako. Ukanitembeza kama mgeni wa serikali: hapa walikaa wafalme, hapa walifua chuma kabla Yesu hajazaliwa, pale mzungu alivunja vichwa vya piramidi akitafuta dhahabu. Ukutani kachongwa malkia mnene, amewashika maadui kwa nywele. Nikasema, "Huyu si shangazi yetu?" Hukucheka. Nilipoegemea ukuta nipumzike, ukanifokea mbele ya watalii: "Toa mgongo! Jasho linakula jiwe!"

Jasho la kaka yako, ya zol, we mtu!

Sikatai, ulinionyesha kitu. Ulipiga magoti ukasema ukuta wa zamani huanza kufa miguuni. Mchanga unautafuna chini, juu bado unajivuna. Kila asubuhi unauondoa ule mchanga kwa mikono, upepo unaurudisha. Nikakuonea huruma kidogo. Ilikwisha haraka.

Maana nyumba ya baba hapa Juba, mtaa wa Hai Cinema, nayo inaliwa miguuni. Udongo wa matofali yake tuliukanyaga mimi na wewe. Ukanisukuma topeni, nikachapwa mimi. Mvua iliyopita imekula ukuta wa chumba chako, ufa unapitisha mkono mzima. Na mama analala humo humo. Nimemjengea chumba kizuri mtaa wa Lemon Gaba, mabati mapya, hataki. "Nikihama, mwanangu atanikuta wapi?" Nikamwambia mwanao ameoa mawe. Akanirushia kikombe.

Wafalme wako walishakufa, bwana. Hakuna tofali litakalowaua tena. Mama yuko hai.

Kiangazi hiki nabomoa nyumba, khalas, imetosha. Vijana wa nyundo nimeshawapata. Mama ameapa hatoki, na mimi sina nguvu za kumbeba huku ananiuma. Yeye humsikiliza mtu mmoja tu, sijui kwa nini, maana ni mjinga. Njoo umtoe.

Usinijibu kwa barua, miguu unayo. Waage wafu wako.

Kaka yako mkubwa,
Juba