Punje Tatu za Maharage

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imewahi! Shamba zima la kikundi mbiombio. Mwenyekiti kanipigia simu mara tatu: mboji tayari? Mtunza mboji ni mimi, nikajibu tayari. Lundo la tatu limeiva vizuri, jeusi, linanukia udongo. Samadi yake niliipata kwa mfugaji wa bondeni, tena bure. Alijisifu kuwa malisho yake mwaka huu hayana gugu hata moja. Nikafurahi kama mjinga.

Kipimo sikufanya. Sheria yetu: kila lundo jipya, punje tatu za maharage kwenye kopo la mboji, wiki mbili. Yakiota yamenyooka ndipo tunatawanya. Wiki mbili! Mvua gani itanisubiri? Kwenye daftari nimeandika: yameota, sawa. Kesho tunatawanya. Miaka sita sijawahi kuona lundo likikataa.

Jumatatu, 18 Machi

Nyanya zina kasoro. Majani ya juu yamejikunja kama ngumi. Maharage yamejisokota, mengine hayakutoka kabisa. Mahindi hayana neno, yanapepea tu. Nimesema labda ni jua. Jua gani, na mawingu haya?

Jumatano, 20 Machi

Nimeshuka bondeni kwa mfugaji. Nikamuuliza kijuujuu tu, magugu aliyatoaje. Kwa dawa, anasema, tena anacheka. Ng'ombe wanakula nyasi hawadhuriki, dawa inapita tumboni na kutoka nzima kwenye kinyesi. Akanionyesha dumu lenyewe. Imeandikwa kabisa: samadi isitumike kwenye mboga.

Mbona hukuniambia? Akanijibu, mama, mbona hukuniuliza?

Njiani nimekaa kwenye jiwe mpaka mjumbe mmoja wa kikundi akapita na kunisalimia. Nikamwambia napumzika.

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya kugawana mavuno kwa vikapu. Kaya arobaini, kila kikapu kimejaa nusu tu. Sukuma wiki za tuta la zamani, vitunguu, basi. Mama Mapacha alifunua chake, akatazama, akafunika tena. Akasema asante. Heri angenitukana!

Jumamosi, 23 Machi

Wameshapata mkosaji. Wifi yangu.

Yeye ndiye anayemwagilia shamba, funguo za tangi anazo yeye. Kuna mtu aliyemwona akisuuza ndoo ya sabuni pale bombani. Basi, imetosha, kila mtu sasa aliwahi kumwona. Hata mtu aliyekuwa safarini mwezi mzima!

Mwenyekiti alinijia: na mboji yako je? Nikamfungulia daftari. Akasoma ile "sawa", akanishukuru. Kama wote wangefanya kazi kama wewe, alisema. Nikalifunga daftari, nikarudi kazini.

Jumanne, 26 Machi

Mezani. Mume wangu anasukuma chakula upande huu na upande ule. Mwishowe akaniuliza: wewe uko shambani kila siku, ni dada yangu kweli? Nikasema sijui.

Sijui! Mimi!

Uamuzi umeshapikwa. Jumamosi mkutano, wifi arudishe funguo na aondoke kwenye kikundi. Asiyefanya kazi hana kikapu. Kikapu chake ndicho kinachowalisha yeye na mama mkwe, na mama mkwe siku hizi hashiki hata kijiko vizuri. Kisha Jumatatu tung'oe kila kitu na tupande upya. Mwenyekiti kasema safari hii tuongeze mboji maradufu, udongo upate nguvu. Mboji ya lundo lile lile. Niliitikia kwa kichwa. Shingo iliinama yenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Vikapu robo. Kaya tisa hazikuja kabisa.

Nimefika mlangoni kwa mwenyekiti. Nikabisha. Alipofungua nikamwomba koleo. Koleo ninalo nyumbani, tena mawili.

Naogopa nini hasa? Kufukuzwa, ndiyo. Lakini zaidi naogopa mume wangu atakavyonitazama. Na zile siku zote nilizowasema wengine kwa uzembe wao, mimi mwenye mdomo mrefu kuliko mpini wa jembe.

Jumamosi, 30 Machi

Saa mbili asubuhi. Mkutano saa nne. Nilishakata shauri: nitasimama mwanzoni kabisa, kabla hawajamgusa. Nimevaa, daftari mkononi.

Hodi. Wifi! Amekuja mapema, kilemba kipya, funguo za tangi kazifunga kwenye kitambaa. Nilidhani amekuja kulia. Hakulia. Anasema hajalala siku tatu akikumbuka na ameshakumbuka. Ni yeye. Ile ndoo kweli ilikuwa na sabuni, sabuni nyingi, na aliimwaga tangini bila kufikiri. Anaiona hasa, anasema, hata povu analiona.

Hakuna povu. Hakuna kitu kama hicho!

Anasema hatabisha. Ataomba radhi kwa kaya zote, moja moja, labda watamhurumia mama na kumwachia kikapu. Ila yeye si msemaji. Wifi, wewe unajua kupanga maneno, niandikie. Nitayakariri.

Nikasema ngoja nichukue kalamu. Kalamu ninayo hii hapa, naandika nayo nikiwa nimeegemea mlango wa chumbani. Yuko sebuleni. Namsikia anajizoeza, sauti ya chini: ndugu zangu, mimi ndiye niliyewaharibia chakula chenu. Anakosea, anaanza upya. Ndugu zangu, mimi ndiye.

Sasa ananiita. Anauliza kama nimeshaandika mstari wa kwanza. Nimemjibu bado.