Gundi ya Rafu ya Juu

9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo, na mgongo wa baba umepoa. Mimi sijambo, ila vidole vinanata. Nikishika kijiko hakitaki kuniachia.

Karakana yetu ya viatu imefunguliwa. Ni chumba kimoja chenye bati juu, cherahani mbili, na stoo niliyoipata kwa kutundika pazia. Wale wenzangu wa kiwandani, Mrefu na Mama Pacha, wameacha kazi kunifuata. Nikianguka nimeanguka nao, na walikotoka hawapokelewi tena. Kwa hiyo sianguki.

Kinachonitoa jasho ni kuagiza vifaa. Ngozi ikijaa, uzi umekwisha. Uzi ukija, soli hakuna. Juzi tulishinda tunatazamana tu kama watu wa msibani. Lakini jambo moja nimelifanya sawasawa: nimeagiza gundi nzuri, ile ya mbali inayokaa njiani wiki kadhaa. Nimeipanga rafu ya juu kabisa, chini ya bati, na hakuna anayeigusa. Malapa ya kila siku tunayabandika kwa gundi hafifu ya dukani. Ile nzuri inangoja oda ya chuo cha wauguzi. Wameniahidi kazi ya viatu vya wanafunzi wote wapya, na vikiwaridhisha, oda itakuwa yetu kila mwaka.

Mwanao, kitindamimba


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa baba yako unamuuma akiitwa kazini. Akiitwa mezani umepona.

Katika barua yako, nilipofika pale pa gundi nilicheka peke yangu, nikasema kweli huyu nimemzaa mimi. Dada zako kitu kizuri hakilali kwao, kikiingia leo, leo hiyo hiyo kimetumika. Wewe umeelewa kwamba kizuri kina siku yake. Akiba haiozi. Wenzako wakikubembeleza uifungue, waambie mama kakataa.

Mama yako


2 Novemba

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nawaulizia afya zenu. Mimi ni mzima wa mwili. Lakini leo nina hasira, na nusu yake ni yako.

Oda ya chuo ilikuja. Tulikata ngozi, tukashona, Mrefu akaimba mpaka majirani wakalalamika. Kisha nikapanda kigoda nikashusha ile gundi. Kopo la kwanza limeganda. La pili ni mpira mtupu, mtoto angeuchezea. Miezi yote ile joto la bati lilikuwa likiipika na sisi tunaitazama kwa fahari. Kopo moja lilikuwa na ulaini kidogo, nikalichanganya na thina ya kulainisha, tukabandika. Asubuhi Mama Pacha akavaa kiatu kimoja kukijaribu. Akapiga hatua, soli ikabaki sakafuni. Hakuna aliyecheka.

Akiba yetu imeoza, mama. Mimi na wewe tumeiozesha kwa kuipenda.

Nilimwendea mkuu wa chuo na kiatu kile mkononi, nikamweleza yote kabla hajasikia kwa mwingine. Amenipa mpaka siku ya kufungua chuo; ikipita, ananunua kwingine. Gundi ya mbali haiwezi kuwahi. Basi nikaenda kiwandani kwa bosi wetu wa zamani, yule aliyeapa kwamba hatutamaliza mwaka. Alinisimamisha mlangoni, akaniuliza habari za "kampuni" yangu mbele ya wafanyakazi wake wote mpaka akaridhika. Halafu akaniuzia gundi iliyoingia wiki hii. Aibu nimeimeza, na wala haikunikwama kooni.

Sasa kila kopo linaandikwa tarehe. Lililotangulia kuingia ndilo linalotangulia kutoka, liwe zuri liwe baya. Na siagizi stoo ikiwa tupu. Naagiza yakiwa yamebaki makopo ya kututosha hadi mengine yafike. Rafu ya juu nimeing'oa.

Tafadhali usinijibu kwa methali.

Mwanao


30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mko salama? Baba je?

Viatu tulivipeleka siku moja kabla ya chuo kufunguliwa. Mkuu aliokota kimoja, akavuta soli kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Haikubanduka. Oda ya mwakani ni yetu, na Mrefu kaanza tena kuimba.

Nilikukasirikia, na nimemaliza. Kimya chako kinaniumiza. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mwanao


17 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Tuko salama. Hongera, na uwape wenzako hongera zangu, waambie nawaombea.

Nilinyamaza kwanza kwa hasira, kwamba nimezaa mtu wa kunigawia makosa. Hasira ikaisha, nikabaki na maneno yako. Siku moja nikiwa peke yangu nikavuta sanduku lililo uvunguni mwa kitanda. Mle zimo shuka alizonipa mama yangu nilipoolewa. Sijawahi kuzilalia. Nilikuwa namtunzia mgeni, lakini ukiniuliza mgeni gani, sijui. Zimekatika zenyewe kwenye mikunjo, mwanangu. Ukiinua, zinaachana. Nililia sana, kwa sababu alizitarizi kwa mkono wake, na amekufa hajaniona nikizitumia.

Moja imenusurika. Nimeifua, nikaitandika kitandani kwetu. Baba yako alipoingia alisimama mlangoni, akaogopa hata kuikaribia, akauliza, "Anakuja nani?"

Nikamwambia, "Hakuna anayekuja. Panda ulale."

Mama yako